Saa Nzima Bila Mashine

Saa tatu kamili asubuhi, katika hospitali ya kampuni mjini Kolwezi, muuguzi Bilonda alichomoa mpira wa mashine ya kupumulia kwenye tundu la shingoni mwa Mbayo. Jana Mbayo alimudu nusu saa. Leo ilikuwa lazima afikishe saa nzima, la sivyo daktari angekata tamaa naye.

"Vuta pole pole, tata. Usikimbilie."

Mbayo, aliyechimba shaba chini ya ardhi kwa miaka kumi na tisa, alivuta. Mbavu zilizama, mishipa ya shingo ikasimama, jasho likamtiririka hadi masikioni. Jasho la kuvuta pumzi tu, jamani! Mkewe, Ndaya, alikuwa anahesabu kwa vidole. Pumzi zikifika arobaini kwa dakika, mpira unarudishwa.

"Makumi tatu na nane! Mama Bilonda, anachoka!"

"Iko anaogopa tu. Ni sawa vile kukatisha mutoto maziba ya mama yake. Kwanza analia."

"Batoto yangu mi nilibapakaliaka pilipili ku maziba. Uyu nimupakalie nini?"

Mbayo alicheka bila sauti, mabega yakalegea. Thelathini na mbili. Ishirini na sita! Ndaya hakuthubutu kupepesa macho.

Ilipogonga saa nne alipiga vigelegele, na hilo ndilo lilikuwa kosa lake. Vilimfikia Kalombo, karani wa mahudhurio ya mgodi, aliyekuwa wodi ya jirani na daftari lake. Humo mtu anayepumulia mashine aliandikwa M, mgonjwa. Asiye na mashine aliandikwa P, présent, yuko tayari kwa kazi. Herufi ya tatu haikuwepo.

"Citoyen Mbayo anapumua ye moya?" aliuliza akiingia.

"Ndiyo, tata! Saa muzima!" Ndaya alijibu kwa furaha.

"Bon. Lundi arudie mu mine." Akaandika P, na kando yake Jumatatu, siku ya kurudi mgodini.

"Ata kusimama hawezi!" Bilonda alifoka.

"Mi siko mwenye kuandika sheria, règlement ya kampuni, citoyenne. Atie saini apa."

Mbayo aliitazama kalamu. Hakuipokea. Alivuta pumzi aliyoitafuta asubuhi nzima, akainua kidole, akaziba lile tundu la shingoni ili hewa ipite kooni.

"Hapana."

Ilikuwa sauti ya kukwaruza, ya kwanza baada ya wiki sita. Kalombo aliandika kando ya jina lake: amekataa kazi. Ndaya hata hakumwona. Alikuwa amemkumbatia Bilonda, anarukaruka na kulia.

"Amesema! Munasikia? Bwana yangu amesema!"