Siku Kukhu Nakhungu Alipofunga Mdomo

Kukhu Nakhungu alitoka Lugulu alfajiri akiwa na jogoo kwapani na maneno mengi mdomoni. Jogoo alikuwa wa Bwana Kemboi, msimamizi wa ghala la mbegu huko Kitale. Maneno yalikuwa ya yeyote atakayemsogelea. Siku hiyo Nabwile, mjukuu anayemwita Kukhu, yaani bibi, alikuwa anamaliza miezi sita ya mafunzo ya kazi, na kabla ya adhuhuri ingejulikana kama ataandikwa kwa mshahara au atarudi nyumbani kufukuza kuku kwenye mahindi.

Nabwile ana miaka ishirini na mitatu. Kichwa chake huchukua mambo polepole, na ulimi hufuata nyuma kama ng'ombe mzee. Tangu mama yake afariki, Kukhu ndiye amekuwa mdomo wake. Mtu akimuuliza Nabwile jina, Kukhu hujibu. Daktari akimuuliza anaumwa wapi, Kukhu hushika tumbo lake mwenyewe na kulalamika vizuri mpaka daktari anataka kumlaza yeye.

Langoni alimkuta Chelangat, msichana wa Endebess aliyeletwa na mradi wa mafunzo hayo awe mwalimu wa Nabwile kazini. Alikuwa amekaa kwenye benchi, anakunywa chai.

"Wewe! Mtoto yuko wapi?"

"Ndani, Gogo, anachagua mbegu," Chelangat akasema, akimwita bibi kwa lugha ya kwao. "Karibu chai."

"Peke yake? Na wewe unalipwa kunywa chai? Ati mwalimu!"

Chelangat akacheka, akamsogezea nafasi. "Gogo, kazi yangu ni kuondoka. Mwezi wa kwanza nilisimama hapa," akamgusa bega, "namwonyesha punje moja moja. Halafu nikasimama dirishani. Halafu mlangoni. Leo niko kwa lango. Wakimwandika, kesho niko kwetu na ng'ombe."

"Kumbe unafukuzwa polepole," Kukhu akasema.

"Na huyo jogoo?"

"Wa mkubwa wako. Mtu amekaa na mtoto wako miezi sita, unamwendea mikono mitupu?"

"Hapa zawadi hairuhusiwi, Gogo. Watasema kazi imenunuliwa kwa mabawa mawili."

Kwa Kukhu, kwenda mikono mitupu ni kama kusema mtoto hana wenyewe. Hakumwachilia jogoo. Alienda naye mpaka dirishani, Chelangat nyuma yake.

Ndani, wanawake walikuwa wamepanga mstari kwenye meza ndefu. Nabwile alivaa aproni ya buluu, mbele yake kadi ya picha na trei mbili: nyeupe ya punje nzima, nyekundu ya zilizovunjika na zilizooza. Vidole vyake Kukhu alivijua. Ndivyo vilivyochagua mbegu jikoni kila mwaka kutoka mahindi yaliyoning'inia juu ya moshi, vikiacha punje za ncha na za kitako. Vilikuwa vinakimbia.

Halafu vikasimama.

Nabwile alikuwa ameshika punje nzima, inang'aa, lakini ina mstari wa zambarau. Kwenye kadi picha hiyo haikuwepo. Mwisho wa meza Bwana Kemboi alikuwa na karatasi yake, anamtazama. Uso wa Nabwile ukaanza kujifunga, vile unavyojifunga nyumbani kabla hajageuka kumtafuta bibi yake.

Kukhu akafungua mdomo. Chelangat akamshika leso.

"Tafadhali, Gogo."

"Si atakwama!"

"Akwame."

Neno lilimchoma. Lakini aliposimama pale nalo, Kukhu aliona kwamba kwa miaka yote hiyo hakuwahi kumwacha mtoto akwame mpaka mwisho, waone huko mwisho kuna nini.

Nabwile akatazama mlango. Akatazama dirisha. Kukhu akainama upesi, akambana jogoo mpaka akalia. Alipoinuka, Nabwile alikuwa mbele ya Bwana Kemboi, kiganja wazi.

"Hii... hii sijui. Nionyeshe."

"Hiyo imechanganyika na mahindi ya jirani kule shambani," Kemboi akasema. "Weka kwa nyekundu."

Akarudi, akaiweka. Kemboi akaandika kitu.

Saa ya chai waliitwa ofisini wote, jogoo pia.

"Mimi naharibiwa mbegu na wanaojua kila kitu," Kemboi akasema. "Huyu anauliza. Anaanza Jumatatu, kwa mshahara." Akaweka mkataba mezani, na bila kufikiri akamnyooshea Kukhu kalamu. "Mama, mwekee sahihi."

Mkono wa Kukhu ulikuwa umeshatoka. Aliutazama kama mkono wa mtu mwingine. Akaurudisha, akamkumbatia jogoo kwa mikono yote miwili.

"Siwezi. Mikono imejaa jogoo."

"Si umweke chini?"

"Atakunyia ofisi."

Kalamu ikabaki hewani. Nabwile akaichukua.

Jina lake lina herufi saba. Baada ya ile ya nne akasimama, ulimi nje, na Kukhu akauma mdomo wake mpaka ukauma kweli. Chai ilipoa. Kemboi alitazama saa mara mbili, halafu akaacha kuitazama. Herufi ya saba ilitoka kubwa kuliko zote.

"Na huyu jogoo ni wa nani?" Kemboi akauliza.

Kukhu akavuta pumzi ya kujibu. Alichelewa.

"Wa... nyumbani," Nabwile akasema. "Anarudi."

Na jogoo, ambaye tangu asubuhi alikuwa ameshaiaga dunia, akawika.