Mlima Usiomtaka Rafiki

Habari za wasichana hawa alinipa mjukuu wangu Otilia, jana jioni tukipukuchua mahindi. Ni katuni ya Kijapani, huitazama kwenye simu ya shangazi yake. Wasichana wa shule wanakimbia mbio za kupokezana barabarani, na badala ya kijiti wanapeana mshipi wa kitambaa unaovaliwa begani. Chizuru na Kaede walikuwa marafiki tangu chekechea. Sasa wako shule mbalimbali, na kila mmoja anaishi ili amshinde mwenzake. Otilia aliishia pale Chizuru alipoanguka mlimani, kwa kuwa simu ilizima.

Basi usiku wa jana niliota niko kwenye huo mlima.

Nimesimama pekupeku kando ya lami. Chizuru yuko chini, goti limevimba. Tone la jasho lake limesimama hewani, halidondoki.

Nikaliuliza, "Unangoja nini?"

"Nangoja amalize kukumbuka utoto wake," likasema. "Huku kwetu ndivyo ilivyo."

Nikainama nimwinue mtoto wa watu.

"Shikamoo Bibi," ikasema lami.

"Marahaba."

"Naomba usimguse. Mzazi, mwalimu, ndugu au rafiki akimgusa mkimbiaji, mkimbiaji anafutika."

"Anafutika kwenye mashindano?"

"Anafutika."

Ikanionyesha pembeni jozi ya viatu, kamba zimefungwa vizuri, hamna mtu ndani. Nikarudisha mkono.

Chizuru akaniambia, "Bibi, mwenzangu wa timu ananingoja pale juu. Muda ukiisha na bunduki ikilia kabla mshipi huu haujafika, ataondoka na mshipi mwingine, mweupe, usio na jasho la mtu. Huu tumeupokezana tangu asubuhi. Itakuwa kama hatukukimbia. Na huu ndio mwaka wetu wa mwisho."

Akajaribu kusimama, akaanguka tena.

Kaede akatokea nyuma, anakuja mbio. Njia iko wazi mbele yake. Akasimama. Katika nchi ile mtu akiwaza wote wanasikia, na sisi tukasikia: "Nikimpita sasa nitakuwa nimelishinda goti lake. Yeye sijamshinda."

Akanyoosha mkono.

"Rafiki!" ikasema lami. "Mlikula pamoja chekechea. Rudisha mkono."

Kisigino cha Chizuru kilikuwa kimeanza kufutika kama chaki ubaoni. Kaede akarudisha mkono, akaukumbatia kama mkono wa mtu mwingine.

Mara mlima ni ua wa nyumba yangu, Songea, siku tunamzika mume wangu. Ndugu zake wote wanalia, hakuna mwenye nguvu ya kuinua jeneza. Anaingia Mzee Kalinga. Yeye ni Mhehe na sisi Wangoni, watani wake. Amevaa koti la marehemu, anakohoa kama marehemu. Anasema, "Huyu Mngoni mvivu, hata kaburini anataka abebwe!" Tunacheka huku machozi yanatoka. Kisha anashika jeneza upande wa mbele. Hakuna anayemuuliza yeye ni nani hapa.

Nikarudi mlimani.

"Lami," nikasema, "hebu wataje tena wasioruhusiwa."

"Mzazi, mwalimu, ndugu, rafiki."

"Na mtani?"

Lami ikahesabu upya. Nyaya za umeme zikainama zisikilize.

"Mtani hayumo," ikasema lami. "Lakini nitajuaje kama ni watani?"

"Huyu atamtukana, na yule hatakasirika."

"Akikasirika nawafuta wote wawili."

Kaede akaniinamia kwa heshima. "Bibi, mimi sijawahi kumtukana mtu."

"Jaribu, mwanangu."

Akakohoa kidogo. "Chizuru, wewe... unahitaji kuongeza bidii kwenye milima."

"Hiyo ni ripoti ya shule," ikasema lami.

Kaede akafumba macho. "Una magoti kama mihogo mibovu! Tangu chekechea unaanguka tu, hata mlima umekuchoka! Na usidhani nimesimama kwa huruma. Kukushinda ukiwa chini, hata kuku wa Bibi huyu angekushinda!"

Macho ya Chizuru, makubwa kama sahani kwa desturi ya kwao, yakajaa maji. Pindo za nguo zao zikaanza kufutika. Cheka, mwanangu, cheka, nikawaza, na mlima mzima ukanisikia.

Chizuru akafuta pua kwa mkono.

"Na wewe," akasema, "unatupa mikono kama bata anayefukuzwa jikoni. Miaka mitatu nakimbia mbele yako ili nisikuone."

Kaede akaangua kicheko. Chizuru naye akacheka, ameshika goti. Tone la jasho likadondoka.

"Pita, mtani," ikasema lami.

Kaede anambeba mgongoni. Wanapanda, wanatukanana, mmoja anahema na mwingine anamwambia unahema kama ng'ombe. Karibu na mstari wa kupokezana Kaede anamshusha. "Maliza mwenyewe, mzigo wewe." Chizuru anachechemea, anautoa mshipi begani. Vidole vya mwenzake wa timu vinaushika, na bunduki inalia.

"Nani alitangulia?" nikauliza.

"Ngoja kwanza," ikasema lami. "Bado wanabishana."

Nikaamka. Kulikuwa kumekucha. Kisigino kiliniuma, nikakishika, nikakuta kipande cha lami kimeganda. Nikaanza kukikwangua.

Otilia akainua kichwa kwenye kitanda cha pili. "Bibi, unafanya nini?"

"Nimekanyaga lami."

"Lami ya wapi? Mtaa wetu mzima ni udongo mwekundu."

Akaja, akaigusa kwa kidole, akakitoa haraka. Ilikuwa bado ya moto. Akakipuliza kidole.

"Walifika?"

"Walifika. Na mshipi ulifika."

Akarudi kitandani, akajifunika mpaka kichwani, na kwa kuwa leo ni Jumamosi nikamwacha alale. Nikangoja ile lami ipoe, nisije nikachoma shuka, kisha na mimi nikalala.