Kijiko cha Kanola Kila Asubuhi

Vipimo vilirudi Jumatano. Kolesteroli mbaya ya Metro Lysak ilikuwa imeshuka kutoka 4.4 hadi 4.3 tu, baada ya miezi mitatu ya mkewe Verna kupika kila kitu kwa mafuta ya kanola, zao la shamba lao wenyewe. Daktari alimtazama Verna, si Metro, akamuuliza kama ana hakika na anachotia kikaangoni. Verna, aliyefundisha kemia sekondari miaka thelathini na mmoja, alikunja karatasi ya vipimo akaitia mkobani. Ndugu wawili wa Metro walikuwa wamekufa kwa maradhi ya moyo kabla ya kutimiza sitini. Metro alikuwa na hamsini na minane.

Kesho yake Verna alikwenda ukumbi wa kanisa bila kumwarifu mtu. Kila Alhamisi ya majira ya baridi waumini hukutana pale kufinya pirohi, vifurushi vya unga vilivyojazwa viazi, za kuuza, na kazi ya Metro ni kukanda unga. Alimkuta ameketi mbele ya sahani ya pirohi zinazoogelea katika mafuta ya nguruwe na vitunguu. Dada yake, Olha, alikuwa akimwongezea.

Wanawake wa jikoni walieleza bila hata kuona haya kwamba Metro hula sahani mbili kila wiki, kisha huondoka na kopo la mafuta hayo, apake mkate wake huko ghalani.

"Wifi, usinikodolee macho," Olha alisema. "Kanola ni ya kuuza. Ya kula ni haya ya nguruwe. Baba alikula haya."

"Na baba mlimzika ana miaka mingapi?"

Olha akageukia jiko.

Metro alijitetea kwa utulivu wa mtu mwenye hoja. Kila asubuhi, kabla ya chai, alikuwa akinywa kijiko kikubwa cha kanola. Si walisema kwenye mkutano wa wakulima kwamba inashusha kolesteroli? Basi kijiko kilitangulia kusafisha njia, nguruwe akafuata.

Verna alivuta kiti akaketi.

"Metro, mafuta si sabuni. Hayaoshi kitu. Yanasaidia yakichukua nafasi ya nguruwe, siyo yakimiminwa juu yake. Umejiongezea mafuta tu, na lawama nimebeba mimi."

"Sikujua, Verna."

"Ulijua vya kutosha kunificha hilo kopo."

Olha alisema wateja huendesha gari kilomita sitini kuifuata ladha ile, na kikaango chake hakibadiliki. Verna akamwambia wateja wana wake zao wa kuwahangaikia.

"Nikiacha kweli," Metro aliuliza, "itachukua muda gani?"

"Wiki sita zinatosha kuonekana kwenye vipimo."

Aliitazama sahani, bado inafuka moshi, kisha akaisukuma upande wa dada yake. Olha aliichukua, akala pirohi mbili za kwanza akiwa amesimama, macho yake yamemkazia Verna.