Lori la Baba Linakwama

Baba yake Fundi aliendesha malori ya masafa marefu kwa miaka thelathini na moja, hadi nyonga ilipomgomea na daktari akamwambia ashuke moja kwa moja. Alishuka, lakini kukaa bure hakukubali. Binti yake wa pili, ambaye kazi yake ni kutengeneza kompyuta na ambaye nyumbani na kazini anaitwa Fundi, alimfungia usukani kwenye meza ya sebuleni, pedali chini, na gemu la malori kwenye skrini. Kila Jumamosi saa kumi alasiri mzee alikutana mtandaoni na madereva wenzake watano, wastaafu kama yeye, kila mmoja akiwa nyumbani kwake. Walipanga msafara na kutaniana kwenye vipaza sauti kama enzi zao.

Mwezi mmoja Fundi akaona amfanyie baba yake jambo la maana. Akambadilishia kadi ya picha, ile inayochora kila kinachoonekana kwenye skrini, akambadilishia prosesa, ule ubongo wa mashine, na juu ya prosesa akafunga kipozaji kipya chenye feni kubwa. Kazi hiyo aliimaliza asubuhi moja, huku akipiga mluzi.

Jumamosi iliyofuata, dakika tano za kwanza barabara ilimetameta, hata matone ya mvua yakaonekana yakiteleza kwenye kioo cha lori. Halafu picha zikaanza kukwama. Mzee akakata kona kulia. Lori likaduwaa, likakata wakati kona imeshapita. Akaingia mtaroni na tani ishirini za saruji. Wenzake walicheka mpaka wakakohoa, kisha wakaendelea na safari, wakamwacha.

"Nimezeeka, mwanangu," alimwambia Fundi kwenye simu. "Hata mchezo umenishinda. Njoo uchukue usukani wako."

"Si wewe, baba. Ni mashine. Jumamosi saa nne nipo hapo, na saa kumi utakuwa barabarani."

"Una hakika?"

"Kama ninavyolijua jina lako."

Jumamosi alipofika alimkuta shemeji yake, mume wa dada yake mkubwa, amejinyoosha kwenye kochi. Huyu alikuwa na neno kwa kila kitu kilichochomekwa kwenye umeme.

"Shemeji, umebambikiwa kadi feki," alianza kabla hata ya salamu. "Irudishe dukani leo hii."

"Shikamoo baba," Fundi alimwamkia mzee kwanza, kisha akageuka. "Shemeji, hujambo? Kadi sijaikuta na kosa bado. Nikiikuta nalo, nitakuita ushuhudie."

Akavua saa ya mkononi, akapiga goti mbele ya mashine. Alianza na kosa ambalo hulikuta kwa wateja kila wiki: waya wa skrini kuchomekwa pasipo pake, kadi mpya ikabaki imekaa bila kazi. Waya ulikuwa mahali pake. Akafuta programu zote za kadi ya zamani, akaweka za mpya. Mzee akaendesha; dakika ya tano, lori likakwama.

"Si nilisema?" Shemeji akakaa vizuri.

Fundi hakubabaika. Akaichomoa kadi mpya, akarudisha ile ya zamani. Picha zikafifia, lakini dakika ya tano lori lilikwama palepale.

"Haya, Shemeji. Kadi ni mbili na ugonjwa ni mmoja. Yako feki iko wapi?"

Shemeji akainua kikombe chake cha chai, akanywa.

Fundi akarudisha kadi mpya, akafungua kidirisha kidogo cha kuonyesha joto pembeni mwa skrini. "Endesha, baba. Usiniangalie mimi." Lori lilipoondoka, joto la prosesa lilikuwa nyuzi hamsini na tano. Kwenye mlima likafika themanini. Lilipogonga tisini na nane, prosesa ikajipunguzia kasi isiungue, na lori likaanza kusuasua.

"Mkosaji ameonekana," Fundi alisema.

Akazima, akasubiri ipoe, akafungua skrubu nne za kipozaji na kukinyanyua. Hapo ndipo mkono wake uliposimama. Chini ya kipozaji, kati ya chuma na prosesa, palikuwa na karatasi ya nailoni nyembamba, angavu, ile inayowekwa kiwandani na ambayo mtu huibandua kabla ya kufunga. Imejikunja kwa joto. Hakuna aliyeigusa mashine ile isipokuwa yeye.

Masikio yalimwaka. Angeweza kuificha kiganjani, nani angejua? Akasimama, akaipeleka mezani mbele ya mzee.

"Baba, kosa ni langu. Hii nilitakiwa kuibandua, sikuibandua. Imezuia joto kutoka. Wewe hujazeeka, ni mimi niliyefanya kazi huku nikipiga mluzi."

Mzee aliigeuzageuza nailoni, akaiangalia kwenye mwanga wa dirisha. Kisha mabega yakaanza kumtikisika kwa kicheko.

"Mwaka wangu wa kwanza kazini niliondoka karakana na breki ya mkono haijaachia. Nikawatukana mafundi njia nzima, mpaka nikaona moshi kwenye kioo."

"Ukawaambia?"

"Nilirudi nikawaambia. Mkubwa wao akanipa brashi nisugue magurudumu yote." Akamrudishia nailoni. "Funga mashine, mwanangu. Wale wazee hawanisubiri."

Fundi akafuta kwa spiriti gundi ya zamani, ile inayopitisha joto kutoka kwenye prosesa kwenda kwenye kipozaji, akapaka mpya, akakaza skrubu kwa kupishanisha pembe, na mara hii kila hatua aliitaja kwa sauti. Hata Shemeji alisogea kumshikia tochi.

Saa kumi kamili sauti zikajaa sebuleni. "Huyo wa mtaroni yupo?" mmoja aliuliza, wengine wakaangua kicheko.

"Yupo mbele yako," mzee akajibu, akakanyaga mafuta.

Dakika ya tano ikapita. Ya ishirini ikapita. Joto likasimama kwenye sitini na tisa, halikupanda tena, na lori likashuka mlima bila kusita hata mara moja. Fundi aliinama karibu na skrini, akikodolea macho zile namba.

"Mwanangu," mzee alisema bila kugeuka, "sogea kidogo. Kuna mtu anataka kunipita kulia, na wewe umekaa kwenye kioo changu cha pembeni."