Nilisema Karibu Kabla ya Kuuliza Nani

...na kosa ni langu mwenyewe, mtu akipiga hodi unauliza nani, lakini mikono ilikuwa kwenye unga na mdomo umezoea, nikasema karibu kutoka jikoni, na neno hilo likishatoka halirudishwi, sasa Mheshimiwa Katana amekaa sebuleni kwangu, viatu ameviacha mlangoni kwa adabu, viatu vyeusi vya bungeni, na kichochoro chetu hiki watu wawili wakipishana mmoja hujibana ukutani, nani atapita asivione, na leo baada ya alasiri ndio mkutano wa akina mama wa chama, mwenyekiti mimi, na ajenda ni yeye, jina lake lipelekwe makao makuu afukuzwe au aachwe, watasema Swabaha ameshatiwa mfukoni... "Mswada wa bandari una mabaya yake, Bi Swabaha, sikatai," anasema, taratibu, "lakini tuangalie pande zote mbili," pande zote mbili, nimeyasikia haya mpaka masikio yameota sugu, chama kizima kimesema gati za bandari zisipewe kampuni, yeye peke yake katika wabunge wetu akasema ndiyo, na mume wa binti yangu Aida ni kibarua kwenye gati hizo hizo, Aida ananiuliza, mama, mtu wako ametufanyia nini, mtu wako, kwa sababu ni mimi niliyepanda ngazi za Mji wa Kale nyumba kwa nyumba nikimwombea kura, kwa magoti haya, nikisema ni mpole, ni msikivu, hana matusi... na upole wenyewe ndio unaonichoma, angekuwa mjeuri ningemjibu, angekuwa mla rushwa ningemlaani nikalala, huyu amekuja bila walinzi, amenipa shikamoo, amemuulizia mkwe wangu kwa jina, ukimrushia jiwe limeangukia pamba, na mgeni akiwa ndani mwako humfokei, mamangu alinifunza hivyo, basi nammiminia kahawa na hasira naimeza. "Kampuni ikija, vibarua wataandikwa kazi ya kudumu," anasema, wangapi, mbona husemi, "si wote, sitakudanganya," si wote, yarabi, hata kudanganya hajui, mwanasiasa gani huyu...

ninayemwogopa ni Bi Priscah wa Mwembe Tayari, yule hasahau neno, atasimama aseme, mwenyekiti, mwaka juzi wakubwa wa chama walipotaka kugawiana kile kipande cha ufuo kule Kibarani, si huyu huyu aliyekataa peke yake, si wewe uliyepiga vigelegele mpaka sauti ikakukauka, ukasema huyu ndiye mwanamume, haburutwi, na mimi nitamjibu nini, kwamba wakati ule aliwaacha wakubwa wa chama akasimama nasi, na sasa ametuacha na sisi pia, atanicheka, na ana haki ya kucheka... wiki nzima nasema amegeuka, amenunuliwa, nalala nalo na kuamka nalo, na hakugeuka, hata kidogo, siku ya kwanza alituambia kwamba atafuata anachokiona yeye, tukampigia makofi, kila mmoja akidhani atakachokiona ni kile tunachokiona sisi, kwa hivyo msaliti siwezi kumwita, neno lenyewe halisimami, na nilikuwa nimelitegemea, lingenirahisishia, nikilitoa hilo nabaki na nini, nabaki na Aida na chungu chake, na wema wa mtu huyu haupikiki. Basi nitawaambia hivyo, mbele ya Priscah na wote, ni mtu mwema, wallahi, hakuuza mtu, na jina lake lipelekwe, na mkono wangu utakuwa wa kwanza kuinuka, na utaniuma mpaka begani.

"Unanisikiza, Bi Swabaha?"

"Nakusikiza, baba," namwambia, "sema."