Naomba Mbili Yako

Banda la kuku la akina Trewin lilikuwa na kuta tatu, na kuta zote tatu zilikuwa na uso wa Glenys. Mara tatu aligombea kiti cha Wirrimbul katika bunge la jimbo la Victoria, mara tatu akashika nafasi ya pili, na kila mara mumewe, Merv, alizunguka na gari kuyang'oa yale mabango ya plastiki kwenye nyua za watu na kuwajengea kuku ukuta mwingine. Kuku wakawa wanataga huku mama mwenyewe anawachekea kila upande.

"Limebakiza paa," Merv alisema, siku Glenys alipotangaza kwamba anagombea mara ya nne.

"Nikishindwa safari hii, liezeke," Glenys akamjibu. "Na nisisikie tena neno kura humu ndani."

Hakuwa akitania. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa mkunga katika hospitali ya mji, na nusu ya wapigakura wa Wirrimbul walitua duniani mikononi mwake. Kisha wakubwa wakaifunga wodi ya wazazi kwa barua ya aya mbili. Tangu hapo, mwanamke akishikwa na uchungu anaendeshwa kilomita mia na kumi, akimwomba Mungu mtoto asiwe na haraka. Watoto watatu walikuwa na haraka. Wakazaliwa kando ya barabara, ngano kushoto, ngano kulia. Glenys aliitaka ile wodi ifunguliwe, na ubunge aliutaka kwa sababu hiyo tu.

Watu walimpenda, hilo tusiwasingizie. Akigonga mlango anakaribishwa chai na kipande cha keki, anaulizwa habari za goti lake. Lakini kura walimpa Ross Hogarth, mkulima wa ngano, mbunge wao wa miaka kumi na sita, kwa sababu chama chake ndicho baba zao walichokipigia, na babu zao pia. Kule mtu hapigi tiki. Anaandika namba mbele ya kila jina: moja kwa ampendaye, mbili kwa anayefuata, na ya mwisho kwa yule asiyetaka hata kumwona. Mgombea akizoa moja zaidi ya nusu, mchezo umekwisha, na zile mbili zinabaki zimelala kwenye karatasi bila mtu kuzigusa. Hogarth alikuwa akipita nusu kila mara kabla chai haijapoa.

Kwa hiyo Glenys aliichukia namba mbili. Hata keki yake kwenye maonyesho ya kilimo ilikuwa imevishwa utepe mwekundu wa mshindi wa pili miaka tisa mfululizo. Mtu akimwambia mlangoni, "Usijali, wewe nakupa mbili," yeye alisikia pole ya msibani.

Safari hii aliyegeuza mambo alikuwa kondoo. Dume la Hogarth liliruka uzio wa jirani yake, Des Pruett, likakaa siku nne na majike yake ya merino, kondoo wa sufi bora, na miezi mitano baadaye Pruett akapata wanakondoo wenye sura ambazo hakuzipenda. Alidai kuombwa radhi. Hogarth akamjibu kwamba dume lake ndilo lililostahili kuombwa radhi. Pruett, aliyekuwa mwenyekiti wa tawi la chama, akarudisha kadi na kuchukua fomu ya kugombea mwenyewe. Basi ikawa vita. Watu wa Pruett waliagizwa wampe Hogarth tatu, watu wa Hogarth wampe Pruett tatu, na kanisani familia mbili hizo zikawa zinatoka kwa milango tofauti.

Glenys aliona balaa tupu. Kama hakuweza kumshinda mkulima mmoja, wawili atawawezaje?

Wiki ya kwanza ya kampeni alikwenda mpaka kwa Pruett mwenyewe, maana hakuwahi kuuruka mlango wa mtu. Alimkuta Beryl, mke wa Des, anaanua nguo. Beryl alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akatazama nyuma yake kama mwizi.

"Moja siwezi, Glenys. Nitalala wapi?" akanong'ona. "Ila mbili yangu ni yako. Na ya dada zangu wote."

Glenys alirudi garini amevimba. Akamwambia Merv kwamba hata mke wa adui amempa utepe mwekundu. Merv akaanza kucheka, akacheka mpaka akaegemea usukani na honi ikalia.

"Mke wangu, hawa wazee wamegawana kura za baba zao," akasema alipopata pumzi. "Hakuna atakayefika nusu. Wa mwisho atatupwa nje, na karatasi zake watagawiwa waliobaki kwa kufuata mbili. Sasa niambie, mbili ya Wirrimbul nzima ni ya nani?"

"Sikuzaliwa kuomba mbili."

"Umepewa miaka yote bila kuomba. Omba sasa."

Alikataa. Alikataa kilomita sita nzima, mpaka geti lililofuata, nyumbani kwa Tegan, mjukuu wa Hogarth, mwenye mimba ya miezi saba. Tegan alikuwa anapanga vitu kwenye kiti cha nyuma cha gari lake: blanketi, taulo mbili safi, mkasi ndani ya mfuko wa plastiki. Alieleza kwa aibu kwamba ni tahadhari tu, njia ni ndefu. Glenys aliutazama ule mkasi, na kiburi chake kikaishia pale pale.

"Babu yako mpe moja, ni haki yake," alimwambia. "Mimi naomba mbili yako."

Kuanzia siku hiyo hakuomba kingine kwa watu wa wazee wale. Ulikuwa msimu wa mavuno, kwa hiyo alipanda ngazi za mashine za kuvunia na kuomba mbili juu kule kwenye vumbi. Aliomba mbili baa, aliomba mbili kwenye foleni ya mkate. Watu wakaupenda huo mchezo. Wakimwona barabarani wanainua vidole viwili, kiganja mbele, maana kule kiganja kikigeuzwa nyuma ni tusi. Hogarth alimpita siku moja na gari lake la mizigo, akainua viwili, kiganja nyuma. Glenys akampungia mkono na kumwambia kwa sauti kwamba ameipokea. Vita vya panzi, furaha ya kunguru, na kunguru wetu alikuwa amenenepa.

Siku ya kura, Jumamosi, wazazi wa shule ya msingi walichoma soseji getini, na harufu ya vitunguu ikafika hadi kwenye visanduku vya kupigia kura. Merv alisimama upande wa watu wa Pruett tangu asubuhi, akiimba wimbo ule ule kwa kila aliyevaa kofia ya kijani: "Pruett moja, sawa kabisa, mbili kwa Glenys." Saa sita mchana aliingia kupiga kura yake. Alitoka amepauka, akanunua soseji, na hakuila. Glenys alipomuuliza kama anaumwa, akasema ni jua.

Moja zilihesabiwa, zikarudiwa, na Alhamisi asubuhi wote wakaitwa kwenye ukumbi wa halmashauri. Hogarth alikuwa wa kwanza, lakini hakufika nusu. Kati ya Glenys na Pruett tofauti ilikuwa kura nne. Nne tu, katika kura elfu thelathini na kitu. Merv aliposikia hivyo alikaa chini bila kuangalia kama pana kiti. Msimamizi akaamuru zihesabiwe tena, na kwa saa mbili Glenys alishikilia kitambaa chake cha jasho akiwaza barabara ile, na taulo zile mbili.

Nne zikabaki nne. Pruett ndiye aliyetoka.

Kisha karatasi zake zikamwagwa mezani, na mbili zilizolala miaka yote zikaamka. Glenys, Glenys, Hogarth, Glenys, Glenys. Rundo la Hogarth liliongezeka kwa kuchechemea, la Glenys likapanda mpaka ikabidi ligawanywe wasije wakaliangusha. Kabla ya chakula cha mchana alikuwa amempita Hogarth kwa kura mia mbili na tatu. Mkunga wa Wirrimbul alikuwa mbunge. Furaha ilimjia kama msukumo wa mgongoni, akashika meza kwa mikono miwili.

"Glenys," Merv akamwambia sikioni, "kuna jambo. Yangu imo kwenye rundo lile."

"Rundo lipi?"

"La Pruett. Wimbo ulikuwa mdomoni tangu asubuhi. Pruett moja, Glenys mbili. Nilikumbuka ilipokwisha kutumbukia."

Glenys alimtazama mume wake wa miaka thelathini na mitano, aliyekaribia kumwangusha kwa bidii ya kumsaidia. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, na msimamizi akaja kuuliza kama mheshimiwa anahitaji maji.

Wiki iliyofuata Hogarth alifika uani kwao na gari la mizigo, akashusha mabango yake arobaini bila salamu.

"Nasikia banda halina paa," alisema. Alipomaliza kushusha akasimama kidogo. "Mbili yangu nilikupa wewe. Si kwa mapenzi. Pruett nisingempa."

"Najua, Ross."

"Wodi ukiifungua, tutazungumza."

Kuku wakapata paa. Wodi ilichukua miaka miwili, pamoja na barua ndefu zaidi ya aya mbili na hotuba ambazo wabunge wa mjini walijifunza kuziogopa. Mtoto wa kwanza kuzaliwa mle alikuwa wa Tegan, mtoto wake wa pili, na mkasi uliokata kitovu ulikuwa wa hospitali.

Uchaguzi uliofuata Glenys alisimama tena geti lile lile la shule. Watu walipita na vidole vyao viwili kwa mazoea, wakicheka. Karibu na adhuhuri Hogarth akatoka kupiga kura, mzee sasa, hagombei tena, anatembelea fimbo. Alimwona Glenys, akasimama. Akahamishia fimbo mkono wa kushoto, kisha akainua mkono wa kulia polepole, na mkononi palikuwa na kidole kimoja tu, cha shahada.

Glenys hakujua afanye nini na moja, hakuzizoea. Macho yalimjaa maji mbele ya wachoma soseji wote. Na kwa kuwa mzee alikwishapiga kura, na haikuweza tena kuitwa rushwa, alimnunulia soseji yenye vitunguu vingi, wakala wamesimama.