Mota na Kikohozi

Kikohozi kilisikika kutoka kona ya muuza chipsi, na Yusta akarukia nyuma ya kizuizi cha plaiwudi akiwa na bisibisi mdomoni. Hakupata nafasi ya kuzima mashine yake ya kuchonga mbao, inayoongozwa na kompyuta. Ikabaki mezani peke yake, ikichonga.

Ndivyo walivyoishi, yeye na baba mkwe wake. Kwa Wanyakyusa wa ukoo ule, mke wa mtoto haonani uso kwa uso na baba wa mumewe, hampi mkono, hasemi naye moja kwa moja. Mzee akikaribia anakohoa, na mkwe anajua pa kukimbilia. Yusta, binti wa Mafinga aliyekulia kwenye vumbi la mbao, hakuyajua hayo siku alipoletwa Uyole. Alimwendea mzee Yohane kwa furaha yote, akamshika mkono kwa mikono yake miwili na kumwuliza habari za viazi. Mzee alikimbilia migombani. Aliyemwokoa Yusta siku ile ni mama mkwe, Eveline, ambaye kwanza alicheka mpaka akakaa chini, kisha akamfundisha vikohozi vyote vya mumewe: cha mbali, cha mlangoni, na kile cha mafua, ambacho hakikimbiwi.

Sasa Eveline alikuwa marehemu. Jumamosi ukoo ungesimamisha msalaba kaburini kwake, na msalaba wenyewe ndio uliokuwa pale mezani, wa mninga, jina lake likimalizika kuchongwa. Mzee alikuja kuukagua, na hakuja na hilo tu. Chumba hicho cha karakana kilikuwa chake, na muuza mbolea alikuwa anakitaka. Asubuhi hiyohiyo angepita kuchukua ufunguo. Mzee alikuwa ameshatamka: akiridhika na kazi, mkwe atabaki, asiporidhika, mkwe na michuma yake watafute pa kwenda. Yusta hakuwa na pa kwenda.

"Mwulize," mzee akamwambia Shedrack, mwanawe na mume wa Yusta, dereva wa lori aliyekuwa mapumzikoni, "hizo mota kazitoa wapi."

"Mama Tusa, baba anauliza..."

"Nimesikia. Mwambie kwenye mashine za fotokopi zilizokufa."

"Anasema kwenye fotokopi, baba."

"Mwulize kwa nini zinatetemeka. Mota ya mashine ya kusaga inazunguka tu, wiii, mpaka umeme ukatike."

Yusta akatoa bisibisi mdomoni. Swali hilo alikuwa akilisubiri tangu aolewe. "Mwambie hizi hazikimbii, zinapiga hatua. Ndani kuna chuma chenye meno, kimezungukwa na koili za waya. Koili moja ikipata umeme inayavuta meno mpaka yakae sawa nayo. Inaachia, koili ya pili inavuta. Kompyuta ndiyo inayoamua ipi ivute na lini ivute. Ndiyo maana inachora hata herufi!"

Shedrack akasafisha koo. "Anasema ina meno, baba. Inavutwa."

"Kama ng'ombe mkaidi."

"Kama ng'ombe," plaiwudi ikakubali.

"Na inajuaje kwamba imefika?"

"Haijui, Baba Tusa. Kompyuta inahesabu hatua ilizoziamuru, basi. Kitu kikiishikilia mota njiani, mota itakwama, lakini kompyuta itaendelea kuhesabu ikidhani imefika. Kwa hiyo mwambie baba asiegemeze kitu kwenye hiyo reli inayopitisha ncha ya kuchongea!"

Palepale honi zikalia barabarani. Lori la Shedrack lilikuwa limeziba njia ya wauza viazi, na sasa walikuwa wakimtukana kwa jina la mama yake. Akatoka mbio.

Yale maneno ya mwisho yakakosa wa kuyafikisha. Masikio ya mzee Yohane yalikuwa mazima kabisa, lakini alikuwa mtu wa adabu, na kwa adabu yake neno la mkwe lisilopitia kwa mtu mwingine halijasikika. Akakuna kidevu, akatazama kushoto na kulia, akaiegemeza fimbo yake kwenye reli.

Mota ikakoroma.

Yusta aliujua mkoromo huo kama anavyojua kilio cha mwanawe. Jina lilikuwa limekwisha, na ncha ya kuchongea ilikuwa ikishuka kwenda kuanza jani la mgomba chini yake. Fimbo ilikuwa imeizuia, na kompyuta ilikuwa ikihesabu tu. Jani lingechongwa juu ya jina la Eveline. Kupiga kelele hakuweza. Kutoka na kumkumba mzee hakuweza. Swichi ilikuwa upande wa mzee.

Akakohoa.

Kilikuwa kikohozi cha mlangoni, kile chenyewe, alivyofundishwa. Mzee akageukia mlango kuona nani anakuja. Hapakuwa na mtu. Kisha akaelewa, na kwa kuwa hajawahi kuikataa adabu maishani mwake, akafanya alichoweza: akageukia ukuta, akaibandika pua yake kwenye kalenda ya mbegu.

Yusta akatoka, akazima, akaiondoa fimbo. Shedrack alikuwa bado hajarudi.

"Mota," mzee akaiambia kalenda, "mwulize fundi wako kama nimeharibu."

Yusta akainama juu ya msalaba. "Mota, mwambie baba ni mkwaruzo tu, kwenye herufi ya mwisho. Nitapiga msasa, ila utaonekana kidogo."

"Mwambie auache. Mwenyewe angecheka."

"Angekaa chini," Yusta akasema, na machozi yakamtoka bila kuomba ruhusa. "Mwambie baba kwamba na mimi ninamkumbuka. Ninamkumbuka sana."

Mabega ya mzee yakashuka. "Sasa inakuwaje?"

"Inarudi mwanzo, ihesabu upya."

Akabonyeza. Mota zikaivuta ncha taratibu mpaka pembeni, ikagusa swichi yake ndogo, tiki, na kusimama. Kisha ikaanza safari tena, kuelekea kwenye jani.

Shedrack akaingia akihema. "Baba, mtu wa mbolea amefika, anataka ufu..." Mkewe alikuwa katikati ya chumba, na baba yake alikuwa ukutani kama mwanafunzi aliyeadhibiwa.

"Mwambie tuna kazi," mzee akasema bila kugeuka. "Na hiyo fimbo itoe nje, inasumbua mota."

Yusta akarudi nyuma ya plaiwudi, akakohoa kidogo ili mzee ageuke. Mzee hakugeuka. Alibaki vilevile, kichwa amekiinamisha upande mmoja, akizisikiliza hatua, na nyuma yake jani la mgomba likaanza kutokeza chini ya jina.